Gari la tabo Dodoma: pampu ya ndani ya tangi au ya nje?

Ukitoka Dodoma kwenda Singida mchana wa Oktoba, unapita tambarare za Bahi, kisha unaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Hapo ndipo gari la tabo lenye pampu dhaifu ya mafuta hujulikana. Dereva anakanyaga, tabo inajaza hewa, lakini gari linasitasita au injini inagonga. Hewa imeingia kwa wingi na petroli haikuifuata. Hali hiyo ikiendelea, joto ndani ya silinda hupanda na pistoni inaweza kutoboka.

Wenye Subaru Forester au Impreza za tabo wakipatwa na hali hii, wengi hufikiria kufunga pampu kubwa ya nje, ile inayokaa chini ya gari kwenye bomba la mafuta. Kwa magari mengi ya huku kwetu, naona huko ni kuanzia pasipo.

Pampu ya umeme ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Ikiwa ndani ya tangi imezama katika petroli. Mafuta yanaiingia yenyewe na kuipooza. Ya nje hulazimika kuvuta, na inapovuta, presha hupungua kwenye bomba la kuingilia. Petroli yenye joto ikikutana na presha ndogo hugeuka mvuke. Pampu ikimeza mvuke huanza kulia, na presha inaanguka.

Mwinuko nao unachangia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Petroli nayo huwahi kugeuka mvuke kuliko ikiwa Dar es Salaam. Tena pampu iliyo chini ya gari hupigwa na joto la lami, vumbi na mawe.

Tufanye hesabu. Injini ya tabo yenye nguvu ya farasi 250, ikikanyagwa hadi mwisho, huhitaji takriban lita 90 za petroli kwa saa. Pampu ya ndani inayouzwa kwa kipimo cha lita 255 kwa saa hutoa pungufu ya hapo presha inapopanda, lakini bado ina akiba ya kutosha. Pampu ya pili haina kazi hapo.

Ya nje ina mahali pake: injini iliyoongezwa nguvu kupita uwezo wa pampu moja, au tangi lisilopokea pampu kubwa. Hata hapo isiachwe ivute kutoka tangini. Pampu ya ndani ijaze kitangi kidogo, na ya nje ichukue mafuta humo. Wenye Subaru wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa tangi lao lina pande mbili, na mafuta yanayorudi kutoka injini ndiyo yanayosaidia kuhamisha petroli ya upande mmoja kwenda upande wenye pampu. Mabomba yakibadilishwa ovyo, gari litakosa petroli huku upande mmoja ukiwa nayo.

Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi apime vitu viwili gari likiwa linavuta mzigo. Kwanza presha: kwenye mfumo ambao kidhibiti chake kinafuata tabo, presha ikianzia psi 43 na tabo ikajaza psi 14, geji isome karibu 57. Ikibaki chini au ikishuka, injini ina njaa. Pili, umeme unaofika kwenye pampu yenyewe. Pampu hupimwa kwa volti 13.5, waya uliochakaa ukileta 11, hata pampu mpya itatoa kidogo. Mara nyingi waya mnene wenye fyuzi na rilei yake humaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko pampu.

Badilisha filta kwa wakati, epuka petroli ya madumu, na usiruhusu tangi lishuke chini ya robo kwenye safari ndefu, maana pampu ya ndani isiyofunikwa na mafuta huchemka. Vipimo vikithibitisha kwamba pampu imechoka, nunua ya ndani iliyo halisi kwa muuzaji anayekubali ijaribiwe, kwa kuwa za bandia zimejaa sokoni. Ukiokoa fedha kwenye pampu ya bandia, utazilipia kwenye injini.