Kumrudisha Kazini Askari Aliyelemazwa na Vita: Hali ya Koboko

Kumrudisha kazini mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu ni shughuli yenye hatua tano zinazofuatana. Kwanza hupimwa, ijulikane amepoteza nini na kilichobaki kina nguvu kiasi gani. Kisha hutengenezewa kifaa cha kumsaidia, hufundishwa fani, hupewa zana au mtaji, na mwisho husindikizwa sokoni mpaka kazi isimame. Hatua moja ikikatika, gharama za zile zilizotangulia hupotea. Mkataba Namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1983 na kuridhiwa na Uganda mwaka 1990, unazitaka nchi ziwe na sera ya kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa kazi na kuwapa nafasi sawa na wenzao.

Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, iko pembeni kabisa mwa Uganda, inapopakana na Kongo na Sudan Kusini. Wanajeshi wa zamani wa huko hawakutoka katika jeshi moja, na kila jeshi liliwaaga watu wake kwa namna yake. Ndiyo maana msaada anaoupata mwenye ulemavu wa vita hutegemea zaidi jeshi alilotumikia kuliko jeraha alilonalo.

Majeshi yaliyopita Koboko

Tangu enzi za Waingereza, West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda ambamo Koboko imo, ilikuwa shamba la kuvunia askari. Idi Amin, Mkakwa ambaye asili yake ni Koboko, aliingia King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946. Wazee wa KAR waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia wamekwisha kufariki karibu wote. Baada ya mapinduzi ya Januari 25, 1971, yaliyomweka Amin madarakani, vijana wengi wa eneo hilo waliingia Jeshi la Uganda. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walipofika mpaka wa Sudan mapema Juni, askari hao walikimbilia Sudan na Zaire, ambayo sasa ni Kongo.

Uhamishoni baadhi yao waliunda kundi la waasi la FUNA, na wengine kundi la UNRF chini ya Moses Ali. Katika miaka ya 1990 likaja kundi la West Nile Bank Front la Juma Oris, kisha UNRF II la Ali Bamuze, lililotia saini mkataba wa amani na serikali mjini Yumbe Desemba 24, 2002. Wapo pia waliojiunga na NRA, jeshi lililoshika nchi mwaka 1986 na ambalo tangu 1995 linaitwa UPDF. Ukoo mmoja wa Koboko unaweza kuwa na babu wa KAR, mtoto wa jeshi la Amin na mjukuu wa UPDF.

Kila jeshi na njia yake

Askari wa Amin ndiye mwenye njia ngumu zaidi. Jeshi lake lilivunjika likiwa linakimbia, na anayekimbia haagwi kwa gwaride, hapitishwi mbele ya bodi ya madaktari wala hapewi hati ya kustaafu. Jeraha lake, hata kama alilipata kazini, mara nyingi halimo katika faili lolote. Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wanajeshi Wastaafu imekuwa ikihakiki madai ya askari wa majeshi yaliyotangulia 1986 na kuwalipa kiinua mgongo, lakini uhakiki huo hutegemea namba ya jeshi na kumbukumbu za utumishi. Aliyepoteza karatasi zake njiani kuelekea Sudan huanza na kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa askari.

Waliotoka msituni walipitia Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Tume ya Msamaha iliwapa waliosalimisha silaha cheti, shilingi 263,000 za Uganda na mfuko wa vifaa vya kuanzia maisha, vikiwemo godoro, blanketi, sufuria, jembe na mbegu. Kifurushi kilikuwa cha aina moja kwa wote. Mwenye miguu miwili na aliyekatwa mguu kwa bomu la ardhini walipewa jembe lile lile. Ulikuwa msaada wa kufika nyumbani, na kwa mwenye ulemavu mkubwa haukutosha kumpa kazi.

Askari wa NRA walipunguzwa kwa mpango. Bodi ya Kusaidia Wanajeshi wa Zamani, UVAB, iliundwa mwaka 1992, na hadi 1995 iliwarudisha uraiani askari 36,358 kwa awamu tatu. Walipewa usafiri, fedha za miezi ya mwanzo, mabati, majembe na mbegu. Mpango huo, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na wahisani wengine, ulikuwa na ofisi wilayani za kuwafuatilia.

Askari wa UPDF ana njia iliyonyooka zaidi: bodi ya madaktari ya jeshi, malipo ya ulemavu kwa mujibu wa sheria za pensheni, na kituo cha jeshi cha urekebishaji kilichoko Mubende, ambako majeruhi hutunzwa na kufundishwa kazi za mikono. Mubende, hata hivyo, iko katikati ya nchi, mbali na Koboko, na anayestaafu hurudi kwao.

Njia ya kiraia

Pamoja na hizo, ipo njia ambayo haimuulizi mtu alipigania upande gani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inakataza ubaguzi katika ajira na mafunzo. Ruzuku maalumu ya taifa hutolewa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu vyenye mradi wa kuzalisha mali. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, hupeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na asilimia 10 ya fedha hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kaya hukopeshwa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa upande wa mafunzo, West Nile ina kituo cha urekebishaji cha Ocoko, kilichoanzishwa wakati Ocoko ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Arua, na serikali hutoa vyeti kwa kupima ustadi wa mikono, hata kwa asiyekuwa na cheti cha shule.

Njia hii ni pana kuliko zile za kijeshi, ila haikutengenezwa kwa ajili ya majeraha ya vita. Askari wa zamani hushindana humo na vijana waliozaliwa na ulemavu, ambao wana miaka mingi ya kazi mbele yao na wengi wao wamepita shule. Yeye huja akiwa mtu mzima, mara nyingi na elimu ndogo, na ana familia inayomtegemea leo.

Kuchagua fani

Fani huchaguliwa kwa kutazama jeraha pamoja na soko. Ushonaji hupendekezwa mno kwa waliokatwa mguu kwa kuwa ni kazi ya kukaa, lakini cherehani nyingi za Koboko huendeshwa kwa miguu. Wayo wa mguu bandia wa kawaida hauna kifundo kinachokunjika, hivyo hauwezi kupokezana kisigino na vidole juu ya kanyagio. Aliyebakiwa na mguu mmoja mzima anaweza kukanyaga kwa huo, kanyagio likisogezwa upande wake. Aliyepoteza yote miwili anahitaji cherehani ya mkono, ambayo humnyang'anya mkono mmoja wa kuongoza kitambaa, au mota ya umeme.

Umeme wenyewe ulikuwa kikwazo kwa miaka mingi. West Nile ilitegemea mitambo yake ya dizeli na maporomoko madogo ya Nyagak, na iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu. Uchomeleaji, mashine za kusaga na cherehani za mota sasa zina msingi bora kuliko wakati wa UVAB.

Aliyepoteza usikivu kwa milipuko anaweza kuwa seremala au mchomeleaji. Kwa kuwa alikuwa akisikia tangu utotoni, kwa kawaida hajui lugha ya alama, kwa hiyo mwalimu humfundisha kwa michoro na kwa kumwonyesha. Asiyeona huhitaji kwanza kufundishwa kutembea kwa fimbo, ndipo ufugaji au biashara ndogo iwezekane. Mwenye jeraha la akili, anayeshtuka usiku au kulipuka kwa hasira, hushindwa darasa la watu wengi kabla hajashindwa fani. Kwake ushauri nasaha na mafunzo chini ya fundi mmoja hutangulia.

Kifaa na ufuatiliaji

Mguu bandia haubaki kama ulivyotoka karakana. Katika miezi ya mwanzo kigutu hupungua unene, tundu la mguu hulegea, ngozi husuguliwa na kuwa kidonda. Mwenye kidonda huweka mguu pembeni, na akikaa wiki kadhaa bila kufungua kibanda, wateja huenda kwa fundi mwingine. Karakana ya viungo bandia iko katika Hospitali ya Rufaa ya Arua, takriban kilomita 55 kutoka Koboko. Barabara ni ya lami, lakini nauli na siku ya kazi iliyopotea humlemea mwenye kipato kidogo. Matengenezo ya kifaa, kwa hiyo, ni sehemu ya bajeti ya ajira sawa na zana za fani.

Ajira ya mshahara ni chache Koboko. Sheria ya kodi ya mapato humpunguzia kodi mwajiri ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wana ulemavu, nafuu inayofaa zaidi Kampala na Jinja zenye kampuni kubwa. Koboko watu wengi hujiajiri: ufugaji wa nyuki, mbuzi na kuku, kusaga nafaka, kushona, kutengeneza simu na redio, na biashara ya mpakani kupitia Oraba. Biashara hiyo huleta faida Sudan Kusini inapotulia, na husimama vita vinaporudi, hivyo si busara kuifanya tegemeo pekee.

Mfano wa Rwanda

Rwanda nayo ilikuwa na askari wa pande zilizopigana. Tume yake ya kuwarudisha askari uraiani, iliyoundwa mwaka 1997, iliwashughulikia wa jeshi la sasa, wa jeshi lililoshindwa na wa makundi yaliyorudi kutoka Kongo chini ya paa moja, na sheria ya mwaka 2007 ikaweka haki za waliolemazwa vitani. Ulemavu hupangwa kwa madaraja, na daraja ndilo huamua kiasi cha msaada.

Uganda haina utaratibu wa namna hiyo kwa majeshi yake yote. Kwa aliyeko Koboko, kinachowezekana ni kuunganisha njia zilizopo: madai ya kiinua mgongo yafuatiliwe Wizara ya Ulinzi kwa namba ya jeshi au mashahidi, cheti cha msamaha kitunzwe kwa waliopitia huko, na wakati huo huo mhusika aandikishwe katika kikundi cha watu wenye ulemavu na katika SACCO ya parishi, yaani chama cha akiba na mikopo. Malipo ya jeshi yanaweza kuchukua miaka. Mafunzo na mtaji wa kiraia havina sababu ya kuyasubiri.