Sindano Haimshibishi Ng'ombe

Kila ifikapo Agosti, kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Buseresere na Katoro swali ni lile lile: ng'ombe wangu amekonda, nimchome sindano gani apate mwili? Swali limekosewa tangu mwanzo, na jibu linalotolewa mara nyingi, chupa ya maltivitamini na chupa ya OTC, linamlia mfugaji fedha ambayo ingenunua chakula. Mtazame huyo ng'ombe ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Kama pamebonyea, na kinyesi kinadondoka kikavu, vibonge vigumu, basi kabla ya kuwaza dawa jiulize amekula nini.

Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama mtungi wa pombe ya kienyeji: wanaofanya kazi humo ni vijidudu. Wao ndio wanaovunja nyasi, na bila protini hawafanyi kazi. Nyasi za masika zinayo ya kutosha. Nyasi kavu zikishuka chini ya takribani asilimia 7 ya protini, vijidudu hudhoofika, chakula hukaa tumboni bila kusagika, na mnyama huacha kula ingawa malisho yapo mbele yake. Hufa njaa amesimama juu ya nyasi. Vitamini za kundi B zilizojaa kwenye ile chupa hutengenezwa na vijidudu hao hao, wakilishwa. OTC, yaani oksitetrasaiklini, nayo ni antibayotiki: inatibu ndigana baridi, haiponyi ndigana kali iliyokwisha kumlaza mnyama, wala haina chembe ya chakula. Kuichoma ovyo ni kufuga usugu wa dawa, na maziwa na nyama ya mnyama huyo visiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Mtasema ng'ombe wa jirani alichomwa akapona. Huenda alikuwa na ndigana baridi kweli; huenda mvua ilinyesha wiki iliyofuata, nyasi mbichi zikamrudishia mwili, sifa ikaenda kwa sindano. Nakubali jambo moja: kiangazi kikirefuka sana, vitamini A hupungua kwa kukosa majani mabichi, na sindano yake ina kazi. Lakini haifanyi kazi ya chakula.

Mvua hazitabiriki tena kama zamani. Vuli ikichelewa wiki nne, hizo ni wiki nne za ziada zinazodai majani, na majani hayo lazima yawe yamewekwa. Wasukuma walilijua hili, wakawa na ngitili: eneo la malisho linafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, nyingi zikapotea. Mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya utaratibu huo wa wenyeji, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi. Wafugaji wa Buseresere watajibu kwamba mashamba na machimbo ya dhahabu yamebana, eneo halipo. Ni kweli. Ndiyo maana hesabu ya kundi haikwepeki: malisho ya ng'ombe 30 ukiyawekea 60, watakonda wote 60.

Basi cha kufanya ni hiki. Uza Mei au Juni, ng'ombe angali na mwili na bei haijaanguka. Kusanya mabua, majani ya karanga na marando ya viazi, uyatunze yasinyeshewe. Nunua mashudu ya pamba, uanze na majike wanaonyonyesha na wenye mimba. Maji na chumvi visikosekane. Urea usiiguse bila afisa mifugo kukupimia; inaua. Ogesha mifugo, chanja dhidi ya ndigana kali. Kijiji kitenge ngitili ndani ya mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Na fedha uliyozoea kununulia chupa mbili mwezi Agosti, ndugu mfugaji, mwaka huu ipeleke kwenye mashudu mwezi Juni.