Injini ya Pwani katika Vumbi la Kitengela

Mpwa wangu aliuza mashua ya marehemu babake akanunua gari la mbio za vumbini. Dada akanipa nauli nipande bara nikamkanye. Nilifika Kitengela na maneno yangu tayari kinywani, nikamkuta yu chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Karibu mjomba," akasema kutoka mvunguni. "Nishikie taa."

Nikaishika.

Safari Rally, iliyoanza 1953, sote twaijua. Tuliowahi kukaa na redio tukingoja habari za Joginder Singh na Shekhar Mehta hatuhitaji kukumbushwa. Otokrosi ni mdogo wake: mzunguko mfupi wa udongo, na gari lashindana na saa. Madaraja ni mbalimbali, na hapo ndipo ulipo mtihani wa kwanza. Kijana alitamani injini ya Subaru yenye tabo. Fundi wake akamkataza. Tabo hulisha injini hewa kwa nguvu, kwa hivyo huku juu haihisi sana unyonge wa hewa. Lakini daraja hilo ni la wenye nazo, nayo ikivunjika, bei ya kuifufua ni mashua nyingine. Wakachagua Toyota ya sisi 1,600, kabureta, bila tabo.

Injini hiyo ilitengenezwa Mombasa, ikaimba vizuri. Kitengela ikakohoa moshi mweusi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na shinikizo la hewa limepungua kama sehemu moja katika sita. Kabureta haijui hayo. Yamimina petroli ile ile ya Pwani, hewa haitoshi kuiunguza, plagi zajaa masizi. Fundi akatia jeti ndogo, moshi ukakoma.

Nguvu iliyopotea, hata hivyo, hairudishwi na jeti. Fundi akashauri kukwangua silinda hedi ili mgandamizo uzidi, kwani hewa nyepesi ya bara huiruhusu injini kubanwa zaidi bila kugonga. Kijana akakubali mara moja. Mimi, nisiyejua pistoni wala ringi, nikauliza: je, ukishuka nayo kwetu?

Fundi akanyamaza kidogo. "Mzee ameuliza neno. Mombasa hewa ni nzito na joto ni kali. Itagonga mpaka itoboe pistoni."

Basi wakakwangua kidogo tu, na gasketi nene ikawekwa akiba kwa siku ya kuteremka.

Kwenye mafuta palikuwa na ubishi zaidi. Marekani magari mengi ya vumbini hutumia methanoli, ambayo haigongi upesi na huipoza injini. Lakini petroli hutaka hewa mara 14.7 ya uzito wake, methanoli mara 6.4 tu, maana yake gari hunywa zaidi ya maradufu. Tena hula mipira na aluminiamu, na ikishika moto mchana, ndimi zake karibu hazionekani. Nilipolisikia hilo la mwisho nikasema hapana kabla sijaulizwa.

Akaitaja spiriti ya molasi kama ile ya Muhoroni, iliyochanganywa na petroli humu nchini miaka ya 1980. Nikakohoa. Sisi Mashafii tumesomeshwa kwamba kileo ni najisi, ingawa wako maulamaa waliotenga spiriti ya viwandani na mvinyo. Nikamwambia hayo ayapeleke kwa sheikh. Petroli ya ndege nayo ina risasi, na injini isiyobanwa sana haipati faida yoyote kwayo. Tukabaki na petroli ya kituo cha mafuta, ile atakayoipata Kajiado na Kilifi pia.

Jioni alijaribu gari uwanjani. Vumbi likatanda hadi nikafumba macho. Aliporudi hakukimbilia saa. Alifungua chujio la hewa, akalikung'uta, akalipuliza kwa uangalifu, kama babake alivyokuwa akikagua kalafati kabla ya kwenda baharini.

Dada alipiga simu usiku. "Umemkanya?"

"Nimemkanya methanoli," nikasema.