Kalamu Iliyomo Ndani ya Mti wa Maua

Mpasuaji mbao anapoingia kwenye boma la mtu, macho yake huenda kwenye shina. Limenyooka kiasi gani? Litatoa mbao ngapi? Lori litafika? Kwa hesabu hiyo, ukishika barabara ya Chwele kupitia Sirisia hadi Lwakhakha kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, miti ya kutazamwa ni mikaratusi, migrevilea, na lusiola ambayo watu wa huku wameijengea nyumba tangu zamani. Kalistemoni haimo kabisa. Huo ni mti mfupi wa urembo, unaopandwa kwenye viwanja vya shule, makanisa na ofisi, wenye maua mekundu yaliyokaa kama brashi ya kuoshea chupa. Wengi huuita kwa jina hilo hilo la brashi, kwa Kiingereza. Ukizeeka, au ukianza kugusa nyaya za umeme, hukatwa na kuishia jikoni.

Nasema ni hasara, kwa sababu kalamu ya mbao, ile ya kukereza, haihitaji shina. Inahitaji kipande cha mbao chenye unene wa milimita 20 hivi kila upande na urefu wa sentimita 13. Kipande hicho kimo kwenye tawi.

Asili ya kalistemoni ni mashariki mwa Australia. Mtaalamu wa mimea Robert Brown ndiye aliyeipa jenasi hiyo jina lake mwaka 1814, na siku hizi baadhi ya wataalamu huihesabu ndani ya jenasi ya Melaleuca. Jamii yake kubwa, Mirtasea, tunaijua vizuri bila kujua kwamba tunaijua: mpera uko humo, mzambarau uko humo, mkaratusi uko humo, na hata mkarafuu wa Pemba. Ponda jani la kalistemoni kwenye kiganja na utapata harufu ya mafuta ambayo ndiyo alama ya ukoo huu. Wekundu wa ua nao si wa petali. Ni stameni, zile nyuzi ndefu zinazobeba chavua, na ndege aina ya chozi huja kunyonya nekta huku vichwa vyao vikipakwa chavua hiyo. Ua likiisha, ncha ya tawi huendelea kukua kupita pale lilipokuwa, na vifuko vya mbegu vigumu kama vifungo hubaki vimelizunguka tawi kwa miaka. Kwa anayetafuta mbao, vifuko hivyo ni kitambulisho hata wakati mti hauna ua.

Mbao yake ni nzito na ngumu, yenye kiini cha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Nyuzi zake zimesongamana na vitundu vya kupitishia maji ni vidogo. Wakulima wamekuwa wakiitumia kwa mipini ya vifaa, na hiyo ni sifa tosha: mbao inayovumilia jembe itavumilia vidole vya karani. Vitundu vidogo vina faida nyingine. Mbao yenye vitundu vikubwa, ukiikereza hadi iwe nyembamba, huacha mashimo ambayo wino na jasho huingia. Ya kalistemoni hukubali msasa mpaka ing'ae.

Tatizo lake ni maji.

Mti mbichi una maji ya aina mbili: yaliyo huru ndani ya vitundu, na yaliyoshikwa na kuta za seli zenyewe. Ya kwanza yakitoka, mbao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, yale ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Tena haisinyai sawa kila upande. Kwa urefu karibu haisinyai kabisa, lakini kwa kufuata mzunguko wa tawi husinyaa takriban mara mbili kuliko kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo sababu tawi likiachwa zima juani hupasuka kwa mstari unaoelekea moyoni.

Sasa weka hilo kwenye kalamu. Ndani ya kalamu ya kukereza kuna mrija mwembamba wa shaba, kwa kawaida wa milimita 7, uliogandishwa kwenye mbao. Shaba haijui unyevu. Tuseme mbao yako ni ya aina inayosinyaa kwa asilimia 8 kwa kufuata mzunguko, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, nawe umeikereza ikiwa na unyevu wa asilimia 20. Ikishuka hadi 12, itataka kupungua kwa asilimia 2 hivi. Kalamu ya kipenyo cha milimita 12 ina mzunguko wa karibu milimita 38, kwa hiyo mbao inadai kupungua milimita 0.8 na mrija unakataa. Ukuta wa mbao una milimita mbili au tatu tu. Utapasuka. Kalamu iliyokerezwa Kitale mwezi wa Julai, mvua ikiwa juu, kisha ikabebwa na mwalimu aliyehamishiwa Lodwar, itapasukia mfukoni mwake.

Kwa hiyo kazi yote ya maana hufanyika kabla ya mashine kuwashwa. Chagua tawi lenye kipenyo cha sentimita 6 hadi 8, ili upate vipande pembeni mwa moyo wa tawi. Kipande chenye moyo ndani yake usikitumie. Pasua tawi katikati siku ile ile lilipokatwa. Pakaza nta au rangi nzito kwenye ncha, kwa kuwa maji hukimbilia kutokea huko na ncha hupasuka kwanza. Ukivipanga vipande kivulini penye upepo, chini ya ghala la mahindi kwa mfano, na kuacha nafasi kati yake, miezi ya Desemba hadi Februari itakusaidia sana. Usikisie kwamba vimekauka. Pima uzito wa kipande kila wiki kwa mizani ya duka hadi usibadilike. Ukitaka tarakimu kamili, toa kipande kimoja kafara: kikiwa na gramu 56, kisha baada ya saa 24 kwenye oveni ya nyuzi 103 kikabaki gramu 50, unyevu ulikuwa asilimia 12, na vipande vilivyobaki viko tayari.

Kukereza kwenyewe hakuna maajabu makubwa kwa fundi wa jua kali aliyezoea miguu ya viti. Tofauti ni mwendo: kwa kitu chembamba hivi, mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, na patasi kali kama wembe. Unapotoboa, rudisha drili nje mara kwa mara, maana joto la msuguano hukausha ukuta wa tundu ghafla na kuupasua kwa ndani. Kumalizia, nta ya nyuki wa Mlima Elgon hutoa mng'ao mzuri ingawa haudumu; gundi nyembamba ya supaglu, ikipakwa tabaka kwa tabaka na kupigwa msasa, hudumu zaidi.

Vumbi ni jambo zito. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na uwazi wake. Vaa barakoa. Na usichukulie kila mti wa urembo kuwa ndugu wa kalistemoni: thevetia ya maua ya manjano, inayopandwa sana kama ua wa boma, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Huo uache kabisa.

Kwa nini usitumie mpingo, ambao kila mkerezaji duniani anautamani? Kwa sababu mpingo huchukua miongo mingi kukua, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa, pamoja na ya jenasi nzima ya Dalbergia, iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Wachongaji wa Ukambani walilipitia hili mapema. Ufundi ambao Mutisya Munge wa Wamunyu aliuleta nyumbani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulitegemea mbao ngumu za asili. Zilipoadimika, wengi waligeukia mjakaranda, mti wa urembo kutoka Amerika Kusini. Laini, mweupe, lakini ulikuwepo.

Ukitaka kuijua miti ya asili ya eneo hili kwa majina, njia ya msituni iliyo nyuma ya Makumbusho ya Kitale ni darasa zuri. Kalistemoni ya kukata, itafute majumbani na shuleni. Mwalimu mkuu anapoamua kupunguza matawi, hapo ndipo pa kuomba. Ukichukua mbao mbichi yenye magome na kuivusha daraja la Lwakhakha, kanuni za afya ya mimea zinakuhusu, na kwa upande wa Kenya wa kuuliza ni KEPHIS, kwani chini ya gome husafiri wadudu. Mti wenyewe waombe waukate matawi mara tu maua yanapokwisha, wauache uliobaki. Kalistemoni huchipua tena, na machipukizi hayo ndiyo yatakayobeba maua ya msimu ujao.