Mwachie kazi, usimwachie funguo zote
Mama mwenye steshenari Mang'ula akienda Ifakara, kompyuta hubaki kwa binti aliyemaliza shule juzi. Akimpa nywila kuu, kosa moja laweza kufuta kazi za wateja. Akimnyima kabisa, printa ikigoma wateja wanaondoka.

Dawa ni kumfungulia binti akaunti yake ya kawaida, nywila kuu ibaki kwa mama. Kompyuta za Linux zina sudo, programu iliyoanza mwaka 1980 huko Buffalo, Marekani. Humruhusu mtumiaji kutoa amri alizopangiwa tu, mfano kuwasha upya huduma ya printa, na huweka kumbukumbu ya kila amri.

Kabla ya safari, mafaili yanakiliwe kwenye diski ya nje. Binti akizoea, aongezewe ruhusa moja moja.