Alliance ya Kikuyu na walimu wakuu wake: kweli au uongo?

Kaa na wazee watatu waliosoma Alliance High School, pale Kikuyu, na kabla chai haijapoa jina la Carey Francis litakuwa limeshatajwa. Si ajabu. Aliongoza shule hiyo kwa miaka 22, na 1969 maisha yake yaliandikiwa kitabu kizima na L.B. Greaves. Aliyemtangulia, G.A. Grieves, hakuandikiwa kitabu. Bahati yake ni kwamba jina lake linakaribiana na la mwandishi aliyemtukuza mrithi wake. Hivyo historia ya shule nzima imetundikwa kwenye shingo ya mtu mmoja, na mengi yanayosimuliwa juu yake hayasimami.

Carey Francis ndiye aliyeanzisha Alliance

Uongo. Shule ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926 na Grieves ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa kwanza, hadi 1940. Wakati shule inafunguliwa, Edward Carey Francis alikuwa bado Cambridge akifundisha hisabati katika chuo cha Peterhouse. Alikuja Kenya 1928 chini ya misheni ya Kianglikana ya CMS, akapelekwa shule yake ya Maseno, na huko akakaa miaka 12. Alipohamia Kikuyu alikuta shule yenye desturi zake, yenye jina, na yenye wahitimu waliokwisha kuanza kuisumbua serikali.

Hao wahitimu ni wa Grieves, na orodha yake si ya kubezwa. Mbiyu Koinange alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alisoma hapo na baadaye akafundisha hapo. James Gichuru vivyo hivyo. Mwalimu mkuu anayeacha watu wa namna hiyo alistahili walau sura moja ya kitabu.

Ilianzishwa na Wapresbiteri

Uongo, ingawa ukiona ilivyo jirani na misheni ya Thogoto utamsamehe anayedhani hivyo. Iliundwa na misheni kadhaa za Kiprotestanti kwa pamoja: Kanisa la Uskoti, CMS ya Kianglikana, Africa Inland Mission (AIM) na Wamethodisti. Kukubaliana kwao hakukuja kwa urahisi, na mkasa wenyewe unafika mpaka Unguja.

Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kuzungumzia jinsi ya kushirikiana badala ya kunyang'anyana waumini. Wakafunga mkutano kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza ibada. Habari ilipomfikia Frank Weston, askofu wa Unguja wa misheni ya UMCA, alichemka. Kwake, askofu wa Kianglikana kuwapa komunyo watu ambao hawakuthibitishwa na askofu yeyote ulikuwa uzushi, na akataka Peel na mwenzake, Askofu Willis wa Uganda, washtakiwe kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Willis huyo ndiye aliyeanzisha Maseno mwaka 1906. Shauri lilitikisa Kanisa la Uingereza mpaka vita vya 1914 vikalifunika, na jibu lililotoka Canterbury halikumridhisha mtu wa upande wowote. Wacheshi wa Uingereza walisema uamuzi ulikuwa hivi: jambo la Kikuyu lilimpendeza Mungu sana, na kwa hali yoyote lisirudiwe tena.

Mwaka 1918 misheni hizo zilitia saini muungano wao hata hivyo, na muungano huo ndio ulioipa shule jina. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kinachopaswa kusimuliwa kwa watoto wa fomu ya kwanza siku wanapowasili, kabla ya kisa chochote cha mwalimu mkuu mkali.

Tangu mwanzo ilikuwa shule ya kitaaluma ya kupeleka watu chuo kikuu

Uongo. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki na kusisitiza elimu ya kazi: kilimo, ufundi, afya ya kijijini. Alliance ya miaka ya mwanzo ilitembea katika njia hiyo, ikichanganya miaka michache ya sekondari na mafunzo ya ualimu, biashara na kilimo. Mitihani ya Cambridge na safari za Makerere zilishika kasi baadaye. Na shinikizo halikutoka kwa walimu peke yao. Huko Maseno, wanafunzi walikwisha kugoma 1908 wakipinga kupewa jembe badala ya kitabu. Wazazi wa Kikuyu hawakuwa na subira zaidi ya hao.

Msichana hajawahi kuwa mwanafunzi wa Alliance ya wavulana

Uongo. Kabla shule ya wasichana haijafunguliwa jirani mwaka 1948, wasichana wachache walisoma pamoja na wavulana. Mmoja wao ni Margaret Kenyatta, binti wa Jomo, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970.

Carey Francis alikuwa kasisi

Uongo mwingine wa haraka. Hakuwahi kupewa daraja. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyeitikia wito akiwa mlei, na mwaka ule ule alioondoka Uingereza kilitoka kitabu cha mazoezi ya mifululizo isiyo na kikomo alichokiandika pamoja na J.E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake. Waliompinga walimwita kila jina, lakini hakuna aliyeweza kusema alikuja Afrika kwa kukosa kazi kwao.

Shule ya misheni ilizaa vijana watiifu kwa mkoloni

Hapa nusu ni kweli, na nusu hiyo si ndogo. Francis alidai nidhamu ya kijeshi (alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia), aliamini kwamba Uingereza ilikuwa na jambo jema la kuwapa Waafrika, na Mau Mau alilaani waziwazi. Alilalamikia pia maonevu ya askari wa serikali, jambo ambalo wamisionari wengi waliliona na kunyamaza. Wanaomtaja kama kibaraka tu, na wanaomtaja kama rafiki wa uhuru, wote wanamkata nusu.

Lakini tazama wanafunzi. Mbiyu Koinange alitoka Kikuyu akaenda Marekani 1927, akarudi 1938 na shahada zake, na mwaka uliofuata akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri. Kilikuwa chuo cha wazazi wa Kikuyu waliozikimbia shule za misheni baada ya mvutano wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana, yaani mpinzani halisi wa mfumo uliomlea Mbiyu. Kenyatta alikuja kukiongoza, na serikali ikakifunga 1952. Oginga Odinga alipita Maseno na Alliance, na sijui nani anaweza kumwita mtiifu. Ronald Ngala naye ni wa Alliance. Yeye akaongoza chama cha KADU wakati Odinga yumo katika chama pinzani cha KANU. Shule haikuwapa hata msimamo mmoja wa siasa.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia 1955, hali ya hatari ikiwa imepamba moto na kaka yake akiwa msituni. Mwisho wa muhula wa kwanza alirudi Limuru akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Katika kumbukumbu zake za miaka hiyo, alizochapisha 2012, shule ni kimbilio lililozungukwa na vita, na Francis ni mtu wa kuheshimiwa na kubishaniwa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo picha ninayoiamini kuliko zote.

Viongozi wote wa uhuru walisoma Alliance

Uongo, japo mawaziri wengi wa Kenya huru walitoka hapo. Kenyatta alisoma Thogoto, hatua chache tu kutoka hapo, lakini alifika 1909, Alliance haijazaliwa. Tom Mboya na Mwai Kibaki ni wa Mang'u, shule ya Wakatoliki iliyoanzia Kabaa mwaka 1925. Watu wa Mang'u watakukumbusha bila kuulizwa.

Francis aliivusha shule kwenye uhuru, kisha akarudi kwao

Uongo mara mbili. Alistaafu 1962; bendera ilipopandishwa Desemba 1963 mwalimu mkuu alikuwa Laurence Campbell, mtu ambaye jina lake halitajwi nje ya shule. Na Francis hakurudi Uingereza. Alikwenda Pumwani, Eastlands ya Nairobi, kufundisha watoto wa mtaa katika shule isiyo na sifa yoyote, akiwa mwalimu wa kawaida. Alifia Kenya 1966.

Shule bado ni mali ya kanisa

Uongo. Tume ya kuwaajiri walimu, TSC, iliundwa 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaondoa uendeshaji mikononi mwa misheni. Makanisa yakabaki wafadhili, yenye viti katika bodi na sauti juu ya mafundisho ya dini. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya 1969 serikali ilizitaifisha shule za misheni moja kwa moja. Kenya ilichagua njia ya katikati, na tangu hapo mwalimu mkuu wa Alliance ni mtumishi wa TSC, anayeweza kupewa barua ya uhamisho kama mwalimu mwingine yeyote. Miaka 22 ya Francis haitarudiwa, kwa sababu hakuna tena misheni ya kumwacha mtu akae kiasi hicho.