Una mimba na unafuga paka? Huna haja ya kumtupa

Mimba ikishajulikana tu, maneno yanaanza. Mama mkwe anasema paka atoke. Jirani anaongeza kuwa manyoya yake yataingia tumboni. Kesho yake paka anatiwa kwenye kiroba, anapakiwa kwenye bodaboda na kwenda kutupwa sokoni.

Jioni hiyohiyo, mama kijacho anakula mishkaki ambayo ndani bado ina damu. Hakuna anayemwambia kitu.

Hapo ndipo penye shida. Hofu ya paka kwa mjamzito ina msingi wake, ila wengi wanamkimbia paka na kuiacha hatari yenyewe mezani.

Kinachoogopwa ni nini?

Ni kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, kinaitwa toksoplasma. Mtu mwenye afya nzuri akikipata, mara nyingi hahisi chochote. Wengine wanapata homa na uchovu kama wa mafua, kisha yanaisha.

Kasheshe ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mimba. Kimelea kinaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara kwenye macho au ubongo. Kuna watoto wanaozaliwa wakionekana wazima, halafu matatizo ya macho yanajitokeza miaka ya baadaye.

Mwanamke aliyeambukizwa zamani kabla ya mimba kwa kawaida ana kinga inayomlinda mtoto. Wanaohitaji uangalizi zaidi ni wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU.

Paka anahusikaje?

Paka hupata kimelea kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya hapo hutoa vijiyai vya kimelea kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 hivi, na mara nyingi hali hiyo humtokea mara moja tu maishani.

Kingine ambacho wengi hawakijui: kinyesi cha leo hakiambukizi leo. Vijiyai vinahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo choo cha paka kikisafishwa kila siku, hatari inapungua sana.

Na manyoya? Kumpapasa paka siyo njia ya kawaida ya kuambukizwa. Kimelea kinaingia kwa mdomo, kupitia chakula, maji au mikono michafu.

Nyama na udongo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliwahusisha wajawazito wa miji 6 ya Ulaya. Nyama ambayo haikuiva vizuri, au iliyokaushwa bila kupikwa, ilihusishwa na asilimia 30 hadi 63 ya maambukizi. Kugusana na udongo kulihusishwa na asilimia 6 hadi 17. Kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari.

Kwa mjamzito, hii ina maana kwamba:

- Nyama iive mpaka ndani, iwe ya kuchoma au ya mchuzi.
- Ubao na kisu kilichokata nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.
- Mchicha, nyanya na matunda vioshwe vizuri.
- Ukilima bustani au ukishika mchanga wa ujenzi, vaa glavu, kisha nawa. Paka wa mtaani hupenda kujisaidia kwenye mchanga.
- Hamu ya kula udongo ikikushika, mwambie mkunga badala ya kuutafuna. Udongo unaweza kuwa na mayai ya vimelea.

Nani asafishe choo cha paka?

Baba, dada au mtu mwingine yeyote wa nyumbani asiye mjamzito. Kama uko peke yako, vaa glavu, safisha kila siku na nawa kwa sabuni ukimaliza. Usitegemee jiki, kwa sababu haviui vijiyai hivyo kwa uhakika. Maji yanayochemka ndiyo yanafaa kuoshea chombo.

Paka apewe chakula kilichopikwa, na asipewe utumbo mbichi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua ugonjwa huo.

Mtoto akishazaliwa

Paka hanyonyi pumzi ya mtoto kama wengi wanavyoamini. Anachofuata ni joto. Lakini akijilaza karibu na uso wa kichanga, mtoto hana nguvu ya kumsukuma na anaweza kukosa hewa. Kwa hiyo usiwaache wawili hao peke yao, na mlango wa chumba anacholala mtoto ufungwe. Usitegemee chandarua, kwani paka anaweza kulala juu yake kikamwelemea mtoto.

Anza kumzoesha paka kulala nje ya chumba hicho wiki kadhaa kabla ya kujifungua, ili asione mabadiliko yote kwa siku moja.

Paka akimng'ata au kumkwaruza mama au mtoto, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha wahini hospitali. Chanjo ya kichaa cha mbwa baada ya kung'atwa ni salama hata kwa mjamzito.

Ukiwa na wasiwasi

Ukienda kliniki, sema kwamba nyumbani kuna paka, au kwamba umekula nyama isiyoiva. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama umewahi kuambukizwa, na dawa zipo kwa anayehitaji.

Ukimtupa paka, panya watarudi jikoni na mishkaki yenye damu itabaki pale pale. Anza na mishkaki.